Kipande cha Pili cha Jibini

Verediana alikuja na kikombe chake mwenyewe. Alikitoa kwenye kikapu akakiweka kwenye ukingo wa dirisha, mbali na vikombe vya wenzake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Konsolata alijua sababu, maana alikuwa mwenyeji wa Tumati na tena binamu wa Alfredi, mume wa Verediana. Agripina, nesi wa zahanati, yeye alikuwa mgeni kutoka Rombo, lakini alishakaa hapo muda wa kutosha kujua kuna mambo ya kuuliza na mambo ya kunyamazia.

Asiyejua alikuwa mmoja tu, mwalimu Gidion. Na huyo ndiye ambaye moyo wa Verediana ulikuwa ukimkimbia kila siku, na kila siku ukimrudia.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka misa, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya vitunguu saumu. Nyumbani kwa Agripina jiko la mkaa lilikuwa katikati ya sebule kwa ajili ya baridi. Marafiki hawa walikuwa na desturi yao. Agripina akienda Haydom kumsindikiza mgonjwa, hurudi na chupa moja ya waini ya Dodoma, ile tamu, ya watu wa kawaida. Chupa moja tu. Wengine wanaleta walichonacho, huyu asali, yule karanga, mwingine mahindi ya kuchoma, basi inakuwa sherehe. Bilauri hazikuwepo. Waini ilinywewa kwenye vikombe vya chai, na kimoja kilikuwa kimevunjika mkono.

"Mimi nipe hicho kilema," alisema Gidion. "Nimekizoea."

"Kishike vizuri basi, Mwalimu," Konsolata akamwambia akimimina. "Na usinywe kama unakunywa togwa. Lowanisha ulimi, weka chini, piga stori. Chupa ni moja na Jumapili ni ndefu."

"Kwetu Bukoba divai tunakunywa..."

"Divai! Hebu msikieni. Divai ni ya Padri, hii ni waini. Divai inaondoa dhambi, waini inazileta."

Wakacheka. Verediana naye alicheka, akaushangaa mdomo wake. Konsolata alimfikia dirishani, akamimina kutoka juu, kwa uangalifu, shingo ya chupa isiguse kile kikombe. Gidion aliona. Alifikiri ni adabu ya huku.

Niwaeleze kwa nini ilikuwa hivyo.

Siku ile mlima wa Hanang uliposhusha tope, Alfredi alikuwa upande wa Katesh na magunia yake ya vitunguu saumu. Wenzake waliopotea walitafutwa, wakapatikana, wakazikwa. Yeye alitafutwa, hakupatikana. Mama yake, Mama Gaudensia, alipoambiwa wafanye maziko bila mwili, alijibu, "Nizike nini? Shati?" Tangu siku hiyo akakataa kutamka kwamba mwanawe amekufa. Mlango wa nyumba yake haufungwi kwa komeo. Jioni anapika ugali, anafunika bakuli la mtu mmoja, asubuhi anawapa kuku.

Sasa kwa wazee wa huku, nyumba iliyofiwa inakaa kwenye meta. Watu wake hawachangii kikombe na mtu wa nje, na chakula kilichopita mikononi mwao hakiliwi na mwingine mpaka msiba umalizwe. Wengi siku hizi wameacha, wanasema Padri akishabariki inatosha. Tumati hawakuacha kwa nyumba ile. Majirani walijua Alfredi amekufa, wakaiepuka kwa heshima. Lakini msiba utamalizwaje, wakati mama mwenyewe hakubali kwamba ulianza? Mvua zimekuja zimekwenda, na Verediana amekaa pale katikati, si mke si mjane.

Na ng'ombe hawajui meta. Ng'ombe wanatoa maziwa. Maziwa ya nyumba ile hayakupata wa kunywa wala wa kununua, yakawa yanamwagwa, hadi Agripina akamfundisha rafiki yake kutengeneza jibini. Unachemsha maziwa, unakamua limau, yakikatika unachuja kwa kitambaa safi, unakandamiza kwa jiwe. Verediana akawa anatengeneza, wanakula yeye na mkwewe, wawili, kimya.

Siku hiyo alileta kipande kwa sababu mtu hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka kwenye kisahani chake, pembeni ya kikombe chake, akijua atakula peke yake. Kukileta tu kulimtosha.

"Mbona umekaa huko kama askari wa zamu?" Gidion alimfuata dirishani. "Sogea kwenye moto."

"Huku naona njia."

"Unamngoja nani?"

Verediana akageuka kutazama njia. Kila Gidion alipomkaribia hivi, kulikuwa na harufu iliyokuja kabla yake. Harufu ya vitunguu saumu vibichi, vimelowa, vimechanganyika na tope. Iliingia puani waziwazi kama mtu amesimama nyuma yake na gunia begani. Mwanzoni alifikiri ni shamba. Lakini hata kanisani, hata zahanati penye harufu ya dawa, Gidion akimtazama tu, harufu inakuja. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Vere," Gidion alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi mzima unanikwepa. Kama nimekukosea, niambie. Kama hunitaki, niambie pia, nitaumia lakini nitajua."

"Hujanikosea."

"Basi?"

Alimtazama. Macho ya mwalimu huyu yalikuwa na ubaya mmoja, yalikuwa yanasubiri. Watu wengine wakiuliza hutazama pengine. Yeye aliuliza akabaki hapo hapo, kama mtu aliyepiga hodi akaamua kukaa mlangoni.

"Basi nina mume," alisema Verediana.

"Najua. Nimesikia amepotea."

"Mwezi uliopita alipokea simu."

Verediana akaendelea, maneno yakimtoka haraka, kwa mnong'ono. "Kila Jumapili mama ananiambia nipige namba yake. Napiga. Mteja hapatikani. Nimezoea. Mwezi uliopita nikapiga, ikaita. Ikapokelewa. Mwanaume akasema, 'Haloo?' Mara moja tu. Mama alikuwa amesogeza sikio hapa kwangu, akasikia. Kisha ikakatika. Tangu siku hiyo mama halali."

"Vere, namba ikikaa bila kutumika kampuni inampa mtu mwingine. Unajua hilo."

"Najua. Mchana najua."

Na mtu akikosa la kusema mkono unatafuta kazi. Mkono wa Gidion ukakuta kisahani, ukamega kipande cha jibini, akatia mdomoni.

"Hii ni nini? Jamani, ni tamu! Agripina, umenunua wapi? Hii na waini yetu..."

Konsolata alisimama na chupa mkononi.

"Mwalimu, teme."

"Niteme?"

"Teme! Hicho ni cha Verediana. Nyumba yao ina meta. Huna habari? Umekaa hapa unafundisha watoto wetu, hakuna mtoto aliyekufundisha?"

Gidion alikuwa ameshameza. Konsolata akamweleza, akichanganya hasira na woga, maana hakutaka kuitwa mshamba na hakutaka pia kunyamaza. Mtu wa nje akila bila kujua, alisema, anasukutuliwa kwa maji na mwenye nyumba, anaondoka, basi. Akila huku anajua, huyo kaingia msibani. Anakuwa mfiwa kama wao. Hatapewa mkono, hatapewa kikombe, mpaka msiba umalizwe.

"Na ule haumaliziki," Konsolata akaongeza, "maana mfiwa mpya lazima mwenye nyumba amwambie kwa mdomo wake anamlilia nani. Na shangazi hatamki. Kwa hiyo tusifike huko. Agripina, lete maji anawe mikono kwanza. Mimi natangulia kwa shangazi nimwambie mtu amekosea, asisikie kwa wengine. Mwalimu anifuate akasukutuliwe."

Akachukua kitenge chake akatoka. Agripina akaenda jikoni kutafuta maji.

Verediana alikuwa anatazama mikono yake. Aliigeuza, akaitazama upande wa ndani, kama mtu aliyeambiwa ina doa na yeye halioni.

Gidion akanyoosha mkono kwenye kisahani. Polepole, huku akimtazama usoni, akamega kipande cha pili. Akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza.

"Umefanya nini?" Verediana alinong'ona.

"Nimekula."

Agripina alirudi na jagi, akawakuta wamesimama, na hakujua kwamba kipande cha pili kimeliwa.

Walipanda njia ya kwenda kwa Mama Gaudensia, wawili, bila kugusana. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wanasikika lakini hawaonekani.

"Sikiliza," alisema Verediana. "Konsolata hakuona. Agripina hakuona. Utasema hukujua. Mama atakupa maji utasukutua, utaondoka, kesho utafundisha. Nakuomba."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki nilivyo."

"Hapo ndipo siwezi."

"Gidion, hawa watu si wabaya, lakini hawatakupa mkono! Wazazi watawakataza watoto kupokea daftari kwako. Utakula peke yako. Hujui kula peke yako kulivyo. Chakula kinakuwa na sauti."

"Wewe umekula hivyo mvua ngapi?"

"Mimi ni mke wake!"

Neno hilo lilisimama njiani mbele yao. Harufu ikaja tena, safari hii kali, ikamkaba Verediana hadi akashika mti wa uzio.

"Yupo hapa," alisema. "Huamini, najua. Ukinisogelea yupo. Nikikupenda mchana, usiku nasikia kama nimemtupia tope mimi. Nikikubali, nitakuwa nimemzika nani? Hata kaburi la kumwomba ruhusa sina."

Ndivyo alivyosema kwamba anampenda, bila kukusudia, na wote wawili walisikia. Gidion hakusogea. Alikaa mbali hatua zile zile, mikono mfukoni.

"Sitaki kumfukuza," alisema. "Nataka anijue."

Mfereji mdogo wa maji ulitenga ua na njia. Mama Gaudensia alikuwa kibarazani, ungo wa maharage mapajani, Konsolata amesimama pembeni yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na alipomwona mwalimu hakuacha kuchagua maharage.

"Shikamoo mama," alisema Gidion.

"Marahaba. Simama hapo hapo, usivuke mfereji. Konsolata anasema umekula kwangu."

"Ndiyo mama."

"Kwa bahati mbaya."

Verediana akawahi, "Hakujua, mama. Alikosea. Yeye ni mtu wa Bukoba, angejuaje?"

"Sijakuuliza wewe, mwanangu. Nimemuuliza mwenye mdomo uliokula. Mwalimu, ulijua?"

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Maji yalikuwa tayari kwenye kata, Konsolata kashayachota. Angesema neno moja tu, angeyasukutua, angeshuka zake kilima. Verediana alifumba macho, akamwomba Mungu mwalimu aseme hilo neno, na papo hapo akaogopa Mungu asije akamsikia.

"Kipande cha kwanza sikujua, mama," alisema Gidion. "Cha pili nilijua."

"Cha pili?" Konsolata alimaka. "Kipi cha pili? Kulikuwa na cha pili?"

"Nyamaza, Konsolata," alisema Mama Gaudensia. Aliweka ungo chini. "Kwa nini ulikula?"

"Nilipomeza kile cha kwanza walinitazama kama nimemeza sumu. Nikamwona Verediana anatazama mikono yake. Mama, mimi sijui mila za hapa, na sikuja kuzidharau. Ila niliona siwezi kusukutua chakula cha mikono ile nikaondoka."

"Unamtaka mke wa mwanangu."

"Ndiyo mama."

"Unasema hivyo mlangoni kwangu."

"Ningesemea wapi kwingine?"

Konsolata alishika mdomo. Mama Gaudensia alisimama, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu hadi Verediana akadhani hatatoka. Alipotoka alikuwa na kigoda. Alishuka nacho mwenyewe, akakiweka uani, upande wa ndani wa mfereji.

"Vuka, ukae."

Gidion akavuka, akakaa. Mama akabaki amesimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Konsolata kakuambia sasa natakiwa kusema nini?"

"Kaniambia. Lakini mama, kama huwezi, usiseme. Nitakaa hivi hivi na nyie."

"Utakaa hivi hivi." Alitikisa kichwa. "Kijana mzima, mwalimu, ukae umefungwa kwa sababu ya ulimi wa mwanamke mzee. Mmoja nimeshamfunga. Namwona kila siku anavyokwisha." Hakumtazama Verediana aliposema hivyo. "Siku ile ya simu, mkwe wangu alinitazama, akafikiri nimefurahi. Nilikaa macho usiku kucha. Unajua kwa nini?"

"Sijui mama."

"Kwa sababu sauti haikuwa yake. Mama hajui sauti ya mwanawe? Nilijua pale pale, kabla haijakatika. Wengine wote walikuwa wananiambia kwa maneno, nikaweza kuwakatalia. Yule mtu alisema haloo tu, nikakosa cha kukatalia. Nikamwacha binti wa watu aendelee kupiga, kila Jumapili, ili nisiwe peke yangu ninayejua."

"Mama!" Verediana alilia.

"Ndiyo. Ndivyo nilivyokufanya."

Ukungu ulikuwa umefika uani. Mama Gaudensia alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Konsolata, yule yule mwenye maneno mengi, alianza kulia kabla ya neno kutoka, maana aliliona linavyopanda.

"Mwalimu," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni msibani, "umetukuta tumefiwa. Tunamlilia Alfredi. Alfredi Qamara, mwanangu wa kwanza. Amekufa. Mlima umemchukua, hatukumpata, lakini amekufa."

Kisha akapiga ukelele.

Haukuwa mkubwa mwanzoni. Ulikuwa umekaa ndani muda mrefu, ukatoka na kutu. Verediana alikwenda akamshika, wakaanguka wote wawili chini, na ukelele wa pili ulikuwa wake. Hakuwahi kumlilia mume wake kwa sauti. Angemliliaje, wakati bakuli lake limefunikwa mezani?

Huku kwetu ukelele wa msiba hauulizwi. Aliyekuwa anakamua aliacha kukamua. Walianza kutokea kwenye ukungu, mmoja mmoja, wanawake wamejifunika vitenge, wanaume na makoti yao mazito, wazee waliokuwa wameikwepa nyumba ile tangu msiba uingie. Hakuna aliyesema "kumbe" wala "si tulikuambia". Walikaa chini kando ya njia, ng'ambo ya mfereji, kila mtu mahali pake, kama vile Alfredi amekufa asubuhi hiyo. Agripina naye alifika, bado ana lile jagi mkononi.

Macho ya watu yalimwona mwalimu kwenye kigoda cha wafiwa. Yakamwona, yakapita. Maswali yangekuja kesho.

Mama Gaudensia alinyanyuka, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akamwinamia Gidion asikie yeye tu, ingawa Verediana naye alisikia.

"Sasa nisikilize vizuri. Wewe hapa si mchumba. Wewe ni mfiwa. Utakaa nasi mpaka wazee watakaponipa siku ya kumaliza, na hutamshika huyu hata kidole."

"Ndiyo mama."

"Siku hiyo ikipita, na kama bado unamtaka, usiende Gitting kwa waliomzaa. Uje kwangu. Mimi ndiye nitakayekupa, au nitakayekunyima. Sijaamua."

"Nimeelewa, mama."

Verediana aliinua uso. Gidion alikuwa mbele yake, karibu kabisa, na hawangeweza kugusana. Walitazamana mara moja tu, halafu mwalimu akainamisha kichwa kama wafiwa wanavyoinamisha.

"Basi mlilie," alisema Mama Gaudensia. "Alikuwa mtu mzuri."

Na mwalimu Gidion, ambaye hakuwahi kumwona Alfredi hata siku moja, alifunika uso kwa mikono miwili akamlilia.